Kupaka Rangi na Kugeuza Vijisanamu vya Askari wa Vita vya 1914–1918 Afrika Mashariki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo wapenzi wa vijisanamu vya kijeshi huyarudia kila wanapogusia Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki. Majibu yanatoka kwenye meza ya kazi na kwenye historia ya vita vyenyewe, na yote yanafungwa na msimamo mmoja: amua mwaka na mahali kabla ya kufungua kopo la kwanza la rangi.

## Kabla ya kuanza

Vita hivi ni vipi hasa, na nani alipigana na nani?

Ni vita vilivyoanza Agosti 1914 kati ya Wajerumani, waliokuwa wakitawala Tanzania bara ya leo pamoja na Rwanda na Burundi, na Waingereza na Wabelgiji waliowazunguka. Wareno wa Msumbiji waliingia baadaye. Jeshi la koloni la Wajerumani, Schutztruppe, lilianza vita likiwa na kombania 14 za askari Waafrika wapatao 2,500 na Wajerumani wapatao 260, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck. Upande wa pili walikuwepo King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la askari Waafrika, vikosi kutoka India, Afrika Kusini, Nigeria na Gold Coast (Ghana ya leo), pamoja na Force Publique, jeshi la Wabelgiji la Kongo. Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha zake Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya mizinga kunyamaza Ulaya.

Kwa mpaka rangi, maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya wapiganaji wa pande zote mbili, na karibu wabebaji mizigo wote, walikuwa Waafrika. Anayetaka kuifanya kazi hii vizuri ajifunze kwanza kupaka nyuso zao, kisha ndipo ahangaike na vifungo na beji.

Kwa nini kila swali hujibiwa kwa swali la “mwaka gani”?

Kwa sababu jeshi lililopigana Tanga mwanzoni mwa Novemba 1914 halikuonekana kama lile lililovuka Mto Ruvuma Novemba 1917, ingawa baadhi ya watu walikuwa walewale. Mwaka 1914 askari wa Kijerumani alikuwa na sare kamili ya ghala, na wengi bado walibeba bunduki ya Mauser ya mwaka 1871 iliyotoa wingu la moshi kila ilipofyatuliwa. Mwaka 1918 huyohuyo angeweza kuwa amevaa koti la Mreno, ameshika bunduki ya Mreno, na tarbushi yake imekwisha chakaa. Ukichanganya miaka bila kujua, utapata kikosi ambacho hakikuwahi kusimama mahali popote.

Pendekezo langu kwa anayeanza ni mojawapo ya matukio haya matatu: Tanga (Novemba 1914), Latema na Reata karibu na Taveta (Machi 1916), au Mahiwa (Oktoba 1917). Kila moja lina mipaka iliyo wazi, vikosi vinavyojulikana na mandhari ya kipekee.

Nichague ukubwa gani wa vijisanamu?

Anayetaka kugeuza, yaani kukata, kuunganisha na kuongeza, achague kijisanamu cha urefu wa milimita 28, kwa kuwa vichwa na mikono ni mikubwa kiasi cha kushikika kwa koleo. Uwiano wa 1/72 unafaa kwa anayetaka watu wengi na mizigo mingi, lakini vijisanamu vyake vingi ni vya plastiki laini inayohitaji maandalizi ya pekee (tazama swali la rangi kubanduka). Milimita 15 hufaa kwa mapambano makubwa, na hapo kugeuza huishia kwenye kubadili kofia tu. Milimita 54 ni ya mtu wa kabati, anayependa kumaliza askari mmoja kwa mwezi na kumhesabia kila kifungo.

Ninahitaji vifaa gani?

Brashi mbili nzuri zenye ncha kali, moja ya wastani na moja ndogo, ni bora kuliko brashi kumi za ovyo. Ongeza kisu chenye wembe wa kubadilisha, tupa ndogo, koleo la kukatia, keekee ya mkono yenye ncha ya nusu milimita hivi, waya mwembamba wa shaba, gundi ya papo kwa papo, gundi nyeupe ya mbao, na putti ya epoksi ya sehemu mbili. Rangi ziwe za akriliki.

Vijisanamu vya zamani vya metali vinaweza kuwa na risasi ndani yake. Usipige tupa karibu na chakula, na unawe mikono ukimaliza. Vumbi la rezini nalo halifai kuvutwa puani: piga msasa huku kitu kikiwa kimelowa maji, na uvae barakoa.

## Maandalizi

Rangi inabanduka kwenye singe na mikanda ya vijisanamu vya plastiki laini. Nifanyeje?

Kwanza osha vijisanamu kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ukivisugua kwa mswaki, kwa maana vinatoka kiwandani vikiwa na mafuta ya kalibu. Vikishakauka, vipake gundi nyeupe iliyochanganywa na maji kidogo, safu moja nyembamba, kisha uache usiku mzima. Gundi hiyo hujenga ngozi inayopinda pamoja na plastiki. Baada ya hapo ndipo upake praima, yaani rangi ya kwanza ya msingi.

Singe na mitutu ya bunduki bado itakuwa sehemu dhaifu. Wengi hukata singe ya plastiki na kuweka waya wa shaba uliopondwa kwa nyundo ndogo ukawa bapa. Kazi hiyo ni ya dakika tano kwa kila askari, na haijawahi kunivunja moyo.

Praima iwe nyeusi, nyeupe au kahawia?

Kahawia iliyokolea. Kaki, ngozi ya mkanda, mbao ya bunduki na ngozi ya binadamu zote zinakaa vizuri juu yake, na mahali ambapo brashi haikufika pataonekana kama kivuli. Nyeupe nawaachia wanaopaka mabaharia.

## Rangi na sare

Kaki ni rangi gani hasa?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na linastahili jibu refu. Kaki ya vita hivi haikuwa rangi moja. Ilikuwa kitambaa cha pamba kilichotiwa rangi, kikafuliwa mtoni, kikaanikwa juani, kikaloa jasho, kikalaliwa chini na kuvaliwa tena kesho yake. Sare mpya ilielekea kwenye kahawia-manjano iliyokolea. Sare ya miezi sita ilifanana na mchanga mkavu. Na sare iliyotiwa kiraka ilikuwa na rangi mbili au tatu katika suruali moja.

Wajerumani, baada ya kuzingirwa na meli za Waingereza, walifuma kitambaa chao ndani ya koloni na kukitia rangi ya kahawia-manjano kwa mizizi ya mdaa. Kitambaa cha namna hiyo hakiwezi kulingana na cha ghala, na mpaka rangi makini atakifurahia, kwa kuwa kinampa ruhusa ya kubadilisha mchanganyiko kati ya askari mmoja na mwingine.

Njia yangu ni kuandaa vikopo vitatu. Cha kwanza kina manjano ya udongo, kahawia kidogo na tone la kijivu-kijani. Cha pili ni hichohicho kilichoongezwa rangi ya pembe ya ndovu. Cha tatu kina kahawia zaidi na hakina kijani kabisa. Katika kila askari kumi, wanne hupata mchanganyiko wa kwanza, watatu wa pili na watatu wa tatu, huku koti na suruali zikitofautiana kwa baadhi yao. Kombania yangu ya kwanza niliipaka yote kwa kopo moja. Kila askari alipendeza peke yake, lakini walipopangwa pamoja walionekana kama watu waliokatiwa nguo kutoka jora moja asubuhi ileile. Niliirudia yote.

Kumbuka pia kwamba rangi kwenye kitu kidogo huonekana nyeusi kuliko kwenye kitu kikubwa. Mchanganyiko unaolingana kabisa na kipande halisi cha kitambaa utakuwa mzito mno kwa milimita 28, kwa hiyo upunguze ukali kwa hatua moja.

Mwisho, usijaribu kutofautisha Mjerumani na Mwingereza kwa aina ya kaki. Tofauti yao iko kwenye umbo: kofia, miguu na mkao wa vifaa, kama inavyoelezwa katika maswali mawili yanayofuata lile la ngozi.

Nipakeje ngozi ya askari Mwafrika bila ionekane nyeusi tupu au yenye majivu?

Makosa mawili hurudiwa mno. La kwanza ni kuanza na rangi nyeusi. La pili ni kutia mwanga kwa kuongeza nyeupe, na hapo uso hupauka kama wa mtu aliyetoka kwenye vumbi la chokaa.

Anza na kahawia iliyokolea yenye chembe ya nyekundu ya damu ya mzee. Kwa vivuli, chini ya taya, pembeni mwa pua na ndani ya masikio, ongeza buluu ya usiku badala ya nyeusi. Kwa mwanga, ongeza kahawia ya chungwa au manjano ya udongo, kidogo kidogo, ukiigusa paji la uso, mifupa ya mashavu, mgongo wa pua, kidevu na vifundo vya vidole. Mguso wa mwisho kabisa, ulio mwepesi kuliko yote, uwe mdogo kama ncha ya sindano: moja kwenye paji, moja kwenye kila shavu, moja kwenye ncha ya pua. Ngozi nyeusi hung'aa kwa nukta kali, haing'ai kwa eneo pana, na ukilielewa hilo umelielewa jambo lote.

Viganja viwe vyepesi, kahawia yenye waridi. Mdomo wa chini upate kahawia hiyohiyo ya viganja, iliyopunguzwa kwa rangi ya ngozi. Macho yasiwe meupe pepe. Tumia rangi ya pembe ya ndovu iliyochafuliwa, kisha nukta nyeusi. Katika milimita 15 macho yaachwe kabisa, kivuli kinatosha.

Askari walitoka kwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, Wasudani na wengine wengi, na rangi zao za ngozi hazikuwa moja. Andaa misingi mitatu ya ngozi kama ulivyoandaa vikopo vitatu vya kaki, na usiipange kwa jozi ileile kila mara.

Baadhi ya vijisanamu vya zamani vilichongwa na midomo iliyokuzwa na macho yaliyotokeza kwa namna ya dharau. Usiviache hivyo. Punguza mdomo kwa wembe, tengeneza kope kwa uzi mwembamba wa putti, au badilisha kichwa kizima.

Askari wa Schutztruppe alivaa nini mwaka 1914?

Koti na suruali ndefu ya kaki, vitambaa vilivyozungushwa kutoka kifundo cha mguu hadi chini ya goti, na buti za ngozi. Vitambaa vya miguu vya kabla ya vita vilikuwa vya buluu iliyokolea, na vya kaki vilizidi kadiri miaka ilivyokwenda. Mkanda na mabweta ya risasi vilikuwa vya ngozi ya kahawia. Kichwani alivaa tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki, yenye kipande cha kufunika kisogo na beji ya tai mbele. Beji hiyo ipakwe metali iliyofifia, kwa tone moja tu, bila kuihangaikia manyoya.

Wajerumani wenyewe walivaa helmeti ya jua yenye kitambaa cha kaki, au kofia pana ya sufu iliyokunjwa upande mmoja, ambayo kwa Afrika Mashariki ilikuwa na pindo jeupe. Walowezi waliojiunga katika kombania zao walikuja na nguo zao za shambani na za kuwindia, na hapo una uhuru mkubwa.

Na askari wa KAR?

Mtambue kwa miguu. Badala ya suruali ndefu ana kaptula, na mara nyingi, hasa mwanzoni mwa vita, hana buti: yuko peku au amevaa kubazi. Kofia yake haina ukingo, imefunikwa kaki, na mara nyingi ina kitambaa cha kisogo. Wengi walivaa sweta ya buluu iliyokolea, nayo ni zawadi kwa mpaka rangi aliyechoshwa na kaki. Bunduki yake ni Lee-Enfield.

KAR ilianza vita ikiwa na batalioni tatu na kufikia 22 mwaka 1918. Kwa hiyo KAR wa 1914 wawe wachache na wazoefu, lakini wa 1917 na 1918 wawe wengi, wenye nyuso za vijana na vifaa vipya.

Vikosi vya India, Kongo na Afrika Kusini vinapakwaje?

Wahindi waliotua Tanga walivaa kaki na vilemba vya kaki, na kila kikosi kilifunga kilemba kwa mtindo wake, jambo linaloonekana zaidi kwenye umbo kuliko kwenye rangi. Pamoja nao walikuwepo wanajeshi wa Kiingereza wa Loyal North Lancashire waliovaa helmeti za jua. Force Publique ilijulikana kwa sare ya buluu na fezi nyekundu, na wakati wa vita hivi kaki iliingia taratibu. Kwa kikosi cha 1916 kilichoingia Tabora tarehe 19 Septemba, kaki yenye mabaki machache ya buluu inakaa vizuri. Waafrika Kusini wa 1916 wapakwe kaki ya kawaida, mikono ya shati ikiwa imekunjwa, na uso uliochomwa na jua hadi pua kuwa nyekundu.

Tepe za vyeo zinawekwa wapi?

Kwa askari wa Schutztruppe, tepe nyekundu zilikuwa juu ya mkono wa kushoto, na idadi iliongezeka kadiri cheo kilivyopanda kutoka ombasha hadi shaushi na kuendelea. Majina hayo ya vyeo yenye asili ya Kituruki yaliingia kupitia askari Wasudani ambao afisa wa Kijerumani Hermann Wissmann aliwaandikisha Misri mwaka 1889. Paka kwanza umbo la tepe kwa kahawia iliyokolea, kisha nyekundu juu yake ukiacha ukingo mwembamba. Mkono ukitetemeka, rekebisha kwa kaki kutoka nje; ni rahisi kuliko kufuta.

Vanishi yangu imeacha utando mweupe. Kwa nini?

Unyevu. Vanishi ya kupuliza ikipulizwa wakati hewa ina maji mengi, au ikipulizwa nene, hukauka ikiwa imefungia ukungu ndani. Mara nyingi safu nyembamba ya vanishi ya kung'aa, iliyopakwa kwa brashi, huuondoa utando huo. Kisha ikikauka upake vanishi isiyong'aa, pia kwa brashi.

## Kugeuza

Ni vijisanamu gani vya vita vingine vinavyofaa kugeuzwa?

Tazama miguu na mabega kabla ya kutazama kichwa. Askari wa Misri au Sudani wa miaka ya 1880 na 1890 mwenye fezi, koti fupi na vitambaa vya miguu ndiye mwanzo mzuri wa askari wa Schutztruppe. Mwanajeshi wa Kiingereza wa jangwani wa Vita Kuu ya Pili, mwenye kaptula, anaweza kuwa askari wa KAR ukimwondolea mikoba ya kitambaa ya kifuani na kumbadilisha kichwa. Mhindi wa Vita Kuu ya Kwanza kutoka uwanja mwingine wa vita huhitaji tu kupakwa upya, ilimradi asiwe amevaa koti zito la baridi.

Nitengenezeje tarbushi yenye kitambaa cha kisogo?

Chukua kichwa chenye fezi. Kata kishungi kwa wembe na lainisha mahali pake kwa tupa. Changanya putti kiasi cha punje mbili za mchele, acha dakika ishirini ipoteze unata, kisha ibonyeze kwenye kigae kilicholowa maji hadi iwe nyembamba kama karatasi ya daftari. Kata kipande cha umbo la pembenne kinachopanuka kidogo chini.

Kibandike nyuma ya fezi kuanzia sikio hadi sikio, ukingo wa juu ukiwa katikati ya urefu wa kofia na wa chini ukigusa kola. Sasa, kabla hakijakauka, kwa ncha ya sindano iliyolowa, vuta mikunjo miwili au mitatu kutoka juu kwenda chini, na inua pembe moja kidogo ili ionekane imepeperushwa. Askari anayekimbia awe na kitambaa kinachoelea nyuma. Anayelenga shabaha awe na kitambaa kilicholala. Ni jambo dogo lakini ndilo linaloleta uhai.

Ongeza tone la putti mbele kwa ajili ya tai, na libonyeze kwa bisibisi ndogo bapa. Acha hadi kesho.

Ninapobadilisha kichwa, kinaning'inia au kinadondoka. Kosa liko wapi?

Gundi peke yake haitoshi. Toboa shingo na kichwa kwa keekee, ingiza waya wa shaba wenye urefu wa milimita tatu au nne, kisha gundisha. Kabla gundi haijashika, geuza kichwa kitazame upande mwingine na kifua. Kikosi ambacho vichwa vyote vinatazama mbele kinaonekana kama kinapigwa picha. Njia ni hiyohiyo kwa mikono.

Nitofautisheje bunduki?

Mauser ya 1871 ni ndefu na nyembamba na haina kasha la risasi linalotokeza chini. Lee-Enfield ina kikasha kinachochomoza mbele ya kifyatulio. Ukitaka kumpa askari wa KAR bunduki iliyokatwa kutoka kwa kijisanamu kingine, hicho kikasha ndicho cha kukitafuta. Mwaka 1914 baadhi ya kombania za Wajerumani zilikuwa tayari na Mauser za kisasa. Idadi iliongezeka baada ya Tanga, ambako waliteka mamia ya bunduki na zaidi ya risasi 500,000, na tena meli Rubens ilipofika Manza Bay Aprili 1915 na shehena ya silaha.

Anayepaka kombania yenye bunduki za 1871 anaweza kuonyesha moshi wake: pamba iliyochambuliwa, ikachovywa kwenye gundi nyeupe yenye maji, ikabandikwa mbele ya mtutu na kupakwa kijivu chepesi kwa brashi kavu, yaani brashi iliyofutwa ikabaki na rangi kidogo tu.

Je, nahitaji kweli kupaka wapagazi?

Ndiyo, na hili nalisema kwa uzito. Kombania moja ya Schutztruppe ilikuwa na wapagazi wapatao 250, yaani wengi kuliko askari wake. Waingereza waliandikisha wapagazi wanaokaribia milioni moja katika muda wote wa vita, na kwa hesabu rasmi waliokufa walizidi 95,000, wengi wao kwa maradhi na njaa. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimepata majina yao kutoka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Meza yenye askari peke yao inaeleza vita ambavyo havikutokea.

Kuwatengeneza hakuna ugumu. Raia yeyote mwenye nguo nyepesi anafaa. Kata mkono mmoja begani, uinue na uuimarishe kwa waya, kisha weka mzigo kichwani juu ya kata ya putti iliyosokotwa. Mzigo wa kawaida ulikuwa kilo 25 hadi 30, kwa hiyo shingo iwe imenyooka na mgongo umekaza. Kijisanamu kinachobeba sanduku huku kimelegea mabega hakiaminiki. Mizigo iwe ya aina nyingi: masanduku ya risasi, magunia ya mpunga, sufuria, mahema yaliyofungwa, mtutu wa bunduki ya rashasha uliobebwa na watu wawili kwa mti. Nguo zao zisiwe sare. Blanketi lililochakaa, kitambaa kiunoni, fulana iliyotoboka, na mmoja kati ya kumi awe na koti la kaki asilolijazia.

Kwa mkao, tazama sanamu za shaba za Nairobi, zilizowekwa mwaka 1928, ambamo mpagazi amesimama pamoja na askari. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, ya mwaka 1927, nayo ni mwalimu mzuri wa namna mtu anavyoinama na singe.

Wanawake na watoto walikuwepo kwenye safari?

Walikuwepo. Wake wa askari walifuatana na safu za Wajerumani miaka yote minne, wakipika na kubeba vyombo, na wengine walijifungua njiani. Hapa kanga na vitambaa vya kuchapwa vinakupa nafasi ya kutumia nyekundu na buluu, lakini zififishe kwa kahawia nyembamba yenye maji, kwa sababu nazo zilitembea njia ileile.

## Masuala magumu

Nitapakaje kikosi cha Lettow-Vorbeck cha 1917 na 1918?

Tarehe 25 Novemba 1917 alivuka Ruvuma na kuiteka kambi ya Wareno ya Ngomano, akapata bunduki, risasi na nguo. Kuanzia hapo kikosi chake kilivaa na kupiga kwa vitu vya adui. Chukua askari wako wa 1914, uwatie viraka, ubadilishe nusu ya bunduki, uwavue wengine buti, na uwape wachache makoti yenye rangi tofauti na suruali. Tarbushi zingine zipoteze tai. Idadi nayo iwe ndogo: waliosalimu amri Abercorn walikuwa Wazungu 155 na askari 1,168, pamoja na wapagazi na familia.

Usiwafanye watu wa kuchekesha kwa matambara. Walikuwa wanajeshi hodari hadi siku ya mwisho, na bunduki zao zilikuwa safi. Paka nguo zichakae, lakini silaha zing'ae kidogo.

Mizinga ya Königsberg inahitaji nini?

Manowari hiyo ya Wajerumani iliangamizwa katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, na mizinga yake kumi ya sentimita 10.5 iliopolewa na kuwekwa kwenye magari ya kuvutwa nchi kavu. Unaweza kuchukua mtutu wowote wa manowari wa ukubwa unaofaa na kuujengea gari la mbao na magurudumu makubwa. Mtutu uwe kijivu cha meli kinachobanduka, gari liwe mbao mpya isiyopakwa. Tofauti hiyo ya kijivu na mbao ndiyo habari yenyewe. Weka watu wengi kwenye kamba, kwani mizinga hii ilivutwa kwa nguvu za mikono kupita matope na milima.

Je, askari hawahawa wanafaa kwa Vita vya Maji Maji vya 1905–1907?

Wanafaa, ukiwaachia bunduki ya 1871 peke yake. Wapiganaji waliopambana nao walitoka kwa Wamatumbi, Wangindo, Wangoni na wengine wa kusini, wakiwa na mikuki, ngao na magobori. Usiwatengeneze kwa kupaka upya Wazulu wa viwandani bila mabadiliko. Kwa Wangoni ngao ndefu inaweza kufaa, kwa Wamatumbi haifai.

Udongo wa kibao anachosimamia askari uwe rangi gani?

Fuata mahali. Kuzunguka Tanga, mashamba ya mkonge na mpira yanataka majani mengi ya kijani. Chini ya Kilimanjaro, vumbi jekundu-kahawia na miiba. Bonde la Rufiji wakati wa masika, matope meusi yaliyopakwa vanishi ya kung'aa. Kisha chukua rangi ileile ya udongo na uipitishe kwa brashi kavu kwenye buti, vitambaa vya miguu na pindo za suruali. Wenye miguu mitupu wapate vumbi hadi kwenye ugoko.

Ninaweza kumtumia askari mmoja pande zote mbili?

Kihistoria, ndiyo. KAR ilipovunja batalioni yake ya pili mwaka 1911, baadhi ya askari wake waliingia Schutztruppe. Na mwaka 1917 batalioni ya sita ya KAR iliundwa kwa kuandikisha askari waliotekwa kutoka kwa Wajerumani. Kwa kikosi hicho, chukua vijisanamu vyako vya Schutztruppe vyenye nyuso za watu wazima, ondoa tai, badilisha bunduki iwe Lee-Enfield, na waache baadhi wabaki na mikanda yao ya zamani. Ukitaka kwenda mbali zaidi, paka uso uleule, wenye kovu lilelile, mara mbili: mmoja umweke Tanga 1914, wa pili umweke upande wa pili wa meza.